Kitanda cha Jaji

Hackberry, Jumatatu 6 Septemba 1847

Leo nimefunga mlango wa nyumba yangu kwa ufunguo, mara ya kwanza tangu niijenge. Miaka tisa nimekuwa nikiondoka kwenda kwenye mzunguko wa mahakama, na kila mara Lois alibaki nyumbani, kwa hiyo ufunguo haukuwa na kazi. Nimeutafuta saa nzima. Kumbe ulikuwa kwenye kopo lake la vifungo, chini kabisa, pamoja na meno mawili ya utotoni ya mwanetu tuliyemzika.

Wilaya nne, wiki tisa, farasi mmoja, na mawakili watano nyuma yangu wakicheka mambo ambayo mimi sitaambiwa. Nimenunua daftari hili ili niwe na mtu wa kumweleza siku ilivyokwenda.

Bethany, 7 Septemba

Mvua.

Bethany, 8 Septemba

Kwenye nyumba za wageni za huku mawakili hulala wawili kitanda kimoja, na wasafiri wakizidi hulala watatu. Jaji hupewa kitanda chake peke yake. Ndiyo heshima ya kiti, na hakuna mwenye nyumba atakayekubali kuivunja hata kama watu wanalala juu ya meza.

Kabla sijawa jaji nililala kitanda kimoja na Philo Kendrick misimu sita. Ana miguu baridi kuliko ya chura, hupiga mateke, na husimulia visa mpaka unamsihi anyamaze. Siku niliyoteuliwa alinibebea begi hadi kwenye chumba changu, akainama, akasema, “Usingizi mwema, Mheshimiwa.” Nilidhani ni utani. Tangu siku ile sijawahi kusikia jina langu kinywani mwake. Hata akiniomba chumvi, naitwa Mheshimiwa.

Februari, Lois alipofariki, Philo alikuja kaburini, akasimama nyuma kabisa, akaondoka bila kunipa mkono. Sijamsamehe. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Bethany, 11 Septemba

Kesi kumi na mbili zimekwisha. Farasi anakohoa.

Newmarket, 21 Septemba

Leo tulikuwa na kesi ya nguruwe wawili. Mambo ya alama za umiliki zinazokatwa masikioni, nani alikata yake juu ya ya nani. Mawakili walikuwa wakitazamana wakijizuia kucheka, nami nikajua wanachokumbuka.

Mwaka 1836 nilikuwa mbunge katika bunge la jimbo letu, kijana wa miaka thelathini na sita mwenye sauti kubwa. Jaji wa mzunguko huu wakati huo alikuwa mzee Hezekiah Stroud. Katika kesi ya nguruwe wa binamu yake, Stroud alishuka kitini, akaapa kuwa anaijua alama ya binamu, akapanda tena kitini, akampa binamu ushindi. Nilipeleka muswada bungeni: jaji yeyote atakayetoa ushahidi katika mahakama za mzunguko wake, kiti chake kiwe wazi saa ileile. Nilihutubia saa mbili. Niliiga sauti ya Stroud akijiuliza maswali na kujijibu, na wabunge walicheka hadi spika akaficha uso. Muswada ukapita, Stroud akajiuzulu kwa aibu, na baada ya miaka miwili bunge likanichagua mimi. Sikuwa nimelipanga hivyo, ila sitadanganya daftari langu mwenyewe kwamba halikunipitia akilini.

Lois alikuwa juu, mahali wanapokaa wageni, siku ya hotuba ile. Nilipomuuliza jinsi alivyoiona, alisema, “Ilichekesha. Yule mzee ana watoto?” Nilinuna kutwa.

Newmarket, 24 Septemba

Mvua tena. Supu ya maharagwe siku ya nne.

Newmarket, 29 Septemba

Nimepitia orodha ya kesi za Salt Fork. Ipo moja ya ardhi: Orrin Sprague dhidi ya Keturah Maddox, mjane. Wakili wa Sprague ni Philo. Zilizobaki ni wizi wa farasi mmoja, matusi, na ndoa iliyoharibika.

Njiani, Jumamosi 9 Oktoba

Yaliyotokea leo nayaandika yote, kwa sababu nadhani nitakuja kuyahitaji.

Mawakili walitangulia Salt Fork tangu jana. Mimi nilichelewa kwa ajili ya farasi, nikaamua kukata njia ya mkato kupitia bondeni. Saa nane mchana mvua ilinishukia kwa ukali hata sikuona masikio ya farasi wangu. Nikaona moshi, nikaelekea huko. Nyumba ya magogo, ya zamani lakini imetunzwa, na mama wa miaka hamsini hivi amesimama mlangoni ameshika beseni.

“Ingia, mzee,” alisema. “Farasi mweke bandani, ng'ombe wangu hana kiburi.”

Alinipa mkate wa mahindi, nyama ya nguruwe ya moshi na kahawa ya shayiri. Akachukua koti langu akalitundika ukutani karibu na moto. Akaniuliza kama nimeoa. Nikasema nilikuwa nimeoa. Akanitazama, akaniongezea mkate, na nikajikuta nimeinamia sahani muda mrefu kuliko inavyostahili sahani.

Baadaye nilitoka kumnywesha farasi. Chemchemi yake iko hatua chache nyuma ya nyumba, inatoka chini ya jiwe bapa lililobonyea katikati mithili ya tandiko. Nilisimama pale mvua ikininyeshea. Lile jiwe ninalijua. Nimewahi kulikalia.

Mwaka 1821, nikiwa na miaka ishirini na moja, nilikuwa mshika mnyororo wa kupimia wa mpima ardhi, Kapteni Gideon Latch. Tulipima bonde hili lilipokuwa pori tupu. Pembeni mwa lile jiwe palikuwa na mwaloni mweupe. Kapteni aliamuru uwe alama ya mpaka, na mimi ndiye niliyeshika shoka, nikabandua gome, nikachonga namba. Juu ya alama mti ulikuwa na mafundo mawili, sawasawa na macho ya mtu aliyeshangaa.

Nilirudi ndani kuchukua koti. Gogo ambapo koti langu lilikuwa limetundikwa lina mafundo mawili.

Mama akaona ninavyotazama. “Hayo tunayaita macho ya babu,” akasema. “Binti yangu kabla hajaolewa alikuwa akiyafunika kitambaa akitaka kuoga.” Kisha akanieleza mwenyewe, sikumuuliza. Mti ulipigwa na radi mwaka 1829, na marehemu mumewe, Elam, ambaye kwake ubao mzuri ulikuwa ni ubao mzuri, aliutia kwenye ukuta wa nyumba aliyokuwa akiijenga. Palipokuwa na mti akapanga mawe.

“Sasa kuna bwana mmoja anasema mpaka wake unapita upande ule wa nyumba yangu,” alisema. “Anasema mawe hata mtoto anaweza kuyasogeza. Jumanne jaji anakuja kuniambia kama nitahama majira haya ya baridi. Wanasema ni mtu wa sheria sana. Wanasema hacheki.”

Nilipaswa kumwambia palepale. Nilivaa koti langu, nikashukuru, nikapanda farasi. Hakuniuliza jina, nami sikulitaja.

Salt Fork, Jumapili 10 Oktoba

Kanisani niliimba bila kusikia ninachoimba.

Naliweka hapa jambo zima ili nilione. Kitabu cha Kapteni Latch kinasema kutoka pembe ya magharibi hadi mwaloni ni minyororo arobaini. Mpima wa Sprague amepima arobaini, akakomea kabla ya chemchemi, akaiacha nyumba, chemchemi na banda upande wa Sprague. Mawe ya Elam yako mnyororo mmoja mbele, yaani hatua ishirini na tano hivi. Nani mkweli, kitabu au mawe?

Mkweli ni mawe. Kitabu kimekosea, na aliyekikosesha ni mimi.

Kila mnyororo unapolazwa, mshikaji wa nyuma huokota kijiti kilichochomekwa na mwenzake wa mbele, na vijiti ndivyo hesabu. Siku ile ilinyesha hivihivi. Mimi nilikuwa nyuma na akili yangu ilikuwa Hackberry, kwa msichana aliyekuwa ameniambia wiki iliyotangulia kwamba atafikiria posa yangu. Nilipoteza kijiti kimoja kwenye matope. Niligundua jioni, nikihesabu, nikaona aibu kusema. Arobaini na moja ikaandikwa arobaini. Nilijiambia kwamba hakuna mtu atakayeishi katika bonde lile la mbu. Kapteni amekufa, na mwenzangu wa mbele alichukuliwa na kipindupindu.

Kwa sheria, alama iliyochongwa ardhini inashinda kitabu. Lakini alama iko ndani ya gogo, imefunikwa na miaka minane ya mti kukua juu yake, na kwenye nyumba ile kuna magogo zaidi ya hamsini, yote ya mwaloni. Ni mtu mmoja tu duniani anayejua alama iko gogo lipi na mti ulisimama wapi. Na mtu huyo akiapa, kiti chake kinakuwa wazi saa ileile. Sheria niliiandika mwenyewe.

Salt Fork, 11 Oktoba

Kesi ya farasi. Miaka miwili jela.

Salt Fork, Jumanne 12 Oktoba

Mama Maddox aliingia mahakamani amevaa kofia nyeusi. Akaniona kitini. Alinitazama kwa muda, kisha akatazama mikono yake, na hakuinua macho tena asubuhi nzima. Nadhani alikuwa akikumbuka kila alichokisema kuhusu jaji.

Wananchi kumi na wawili watakaoamua kesi waliapishwa. Philo alikuwa katika ubora wake. Aliwaonyesha kitabu, akawaonyesha ramani, akamsikiliza mama kwa adabu yote alipoeleza kuhusu radi na ukuta. Kisha akasema, “Kwa hiyo, mama, shahidi wako yuko ukutani.”

“Yuko, bwana.”

“Ni gogo lipi?”

“Elam ndiye aliyejua.”

Philo akawageukia wale kumi na wawili. “Mabwana, kila mmoja wenu ana mwaloni ukutani kwake. Mkirudi nyumbani leo ulizeni kuta zenu, labda nanyi mna shamba la Bwana Sprague.”

Ukumbi wote ulicheka. Mimi nilitazama karatasi zangu. Hivyo ndivyo walivyocheka bungeni siku ya hotuba yangu, kicheko kilekile, na kwa mara ya kwanza nilikisikia kutoka upande wa anayechekwa. Wakili wa mama, Dutton, ni mtu mwema asiye na la kusema. Nikaahirisha hadi kesho.

Nimekula peke yangu kwenye meza ndogo. Meza ya mawakili ilikuwa na kelele mpaka nilipopita, ikanyamaza, kisha ikaendelea nilipofunga mlango.

Salt Fork, 13 Oktoba

Nimeahirisha tena. Nimesema nina homa. Sina.

Naandika mchana, nimekaa juu ya kitanda cha jaji. Nikinyamaza, kesho wale kumi na wawili watampa Sprague ushindi, nami nitatia sahihi, na hakuna mtu atakayejua mpaka siku ya kiama. Nikisema, nitakuwa nani? Nina miaka arobaini na saba. Sina mtoto, sina mke. Nikirudi Hackberry nitafungua mlango kwa ule ufunguo na kukaa. Mawakili hawanipendi, lakini wananisalimia. Wenye nyumba wananiwekea mahali. Mtu akiwa mpweke hata “Mheshimiwa, supu yako inapoa” ni maneno, na nayaogopa yakikoma. Hicho ndicho ninachokiogopa, siyo zaidi. Aibu ni kwamba ni kitu kidogo, ukikiweka karibu na nyumba ya mtu na Novemba inakuja.

Najaribu kujua Lois angesema nini. Ninachosikia ni lile swali lake tu, kama yule mzee ana watoto.

Salt Fork, Alhamisi 14 Oktoba

Imekwisha. Naandika kwa utaratibu.

Nilipanda kitini saa tatu. Nikamwambia karani aandike kwamba jaji anayo habari ya kesi hii aliyoiona kwa macho yake, na kwamba anashuka ili aiseme. Karani aliacha kuandika. Philo aliinuka, akaja hadi kwenye ngazi ya kiti, akaongea chini ya sauti, mgongo akiwapa watu.

“Asa, kaa chini. Unajua sheria ile ni ya nani.”

Miaka tisa sijaitwa Asa na mtu yeyote asiye Lois.

“Najua,” nikasema. “Niliiandika vizuri. Haina mwanya.”

Nilishuka. Kwa desturi yetu, kiti kikibaki wazi katikati ya kesi, mawakili wa pande zote wanakubaliana mtu wa kukikalia mpaka bunge lichague mwingine. Walinong'onezana dirishani. Nikasikia mmoja akicheka, kisha wote wakanitazama, nikajua jina lililotajwa. Mzee Stroud anaishi Salt Fork, anafuga nyuki mwisho wa mtaa. Walikwenda kumwita, na baada ya saa moja alikuja na viatu vya matope, miaka sabini na sita, ananuka moshi wa mizinga. Alipanda ngazi akishika ukuta. Akaomba kitabu cha sheria, akakisoma kifungu changu kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Nilisubiri aniige sauti. Ningestahili.

“Nimeisoma mara nyingi kuliko aliyeiandika,” alisema. “Ni sheria nzuri. Mwapisheni shahidi.”

Nikaapa. Nikaeleza mvua, mnyororo, kijiti kilichopotea, aibu ya jioni ile. Nikaeleza jiwe na mwaloni uliosimama hatua tatu kutoka kwenye jiwe, mahali penye mawe ya Elam. Nikaeleza kwamba Jumamosi nilikula mkate wa mama huyu bila kumwambia mimi ni nani. Nikasema gogo ni lile lenye mafundo mawili karibu na moto, na kwamba alama iko mkono mmoja chini ya mafundo.

Philo alifanya kazi yake. Aliuliza kama magogo yenye mafundo ni adimu. Nikasema hapana. Aliuliza kama mtu aliyelishwa na mama huyu hawezi kukumbuka mti wowote anaotaka. Nikasema anaweza.

“Basi wale kumi na wawili watajuaje kwamba kovu lolote litakaloonekana ndani ya gogo ni lako?”

“Chini ya namba za Kapteni nilichonga herufi mbili ambazo hazikuwa za kazi. Kapteni hakuziona. Hakuna mtu aliyewahi kuambiwa. Ni L na P.”

“L na P ni kitu gani? Ni jina la kampuni ya wapimaji?”

“Hapana.”

“Ni za nani, basi?”

Philo amekula mezani kwangu mara mia. Yeye ndiye aliyekuwa akimwambia Lois kwamba ameolewa na tandiko la farasi. Lakini alimjua akiwa tayari na jina langu, Truesdale, na sidhani aliwahi kusikia jina la baba yake.

“Za mke wangu,” nikasema, “kabla hajawa mke wangu. Lois Penhallow. Wiki iliyotangulia aliniambia atafikiria posa yangu, nami nilikuwa nikimfikiria yeye nilipopoteza kijiti.”

Hakuna aliyecheka. Philo alisimama na karatasi yake mkononi. Sprague alimvuta koti, akamnong'oneza kitu, Philo akautoa mkono wake polepole.

“Sina swali lingine,” alisema, akaketi.

Stroud akaamuru gogo likatwe. Tulikwenda sote, maili mbili ndani ya mvua, wale kumi na wawili, sherifu, mawakili, na nusu ya mji. Mama Maddox alitangulia kutoa vyombo vyake ukutani, kimoja kimoja. Wanaume walitia nguzo ukutani, wakakata kipande cha gogo urefu wa mkono, wakakitoa nje, wakakiweka juu ya lile jiwe. Seremala mmoja kati ya wale kumi na wawili akakipasua kwa kabari, akifuata kovu jembamba lililokuwa linaonekana mwishoni.

Kilipasuka sawasawa. Upande wa ndani palikuwa na namba za Kapteni, nyeusi, safi, zimekaa kama nilivyoziacha. Chini yake L na P. Upande wa pili, mbao zilizokua juu ya alama zilikuwa zimechukua umbo lake, herufi zilezile zikiwa zimegeuka na kuvimba. Seremala alihesabu pete za miaka ya mti kutoka kovu hadi ganda la nje kwa ncha ya kisu. Nane. Kutoka 1821 hadi 1829.

Nilikuwa nimesahau kwamba chini ya P nilichora mstari. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilitaka ionekane nzuri.

Nilikwenda nyuma ya banda nikalia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya Februari. Ng'ombe alinitazama.

Salt Fork, 15 Oktoba

Wale kumi na wawili hawakutoka hata ukumbini. Nyumba, chemchemi na banda ni vya mama Maddox.

Alinikuta nikifunga begi. Hakunishukuru, na nilifurahi. Alisema kipande chenye namba kimebaki mahakamani kwa karani, lakini hiki kingine karani amesema hakina kazi. Akanipa kile chenye herufi zilizogeuka, amekifunga kwenye kitambaa.

“Ukikitazama kwa kioo kinasomeka,” alisema. “Nimejaribu.”

Kisha akasema kwamba ukuta una tundu, baridi hii ataliziba kwa mbao, na kwa kuwa ni mimi niliyelisababisha, atanitegemea masika nije nitie gogo jipya. Akaniuliza kama najua kutumia shoka bado. Nikasema tutaona.

Njiani, Jumamosi 16 Oktoba

Njia ya Hackberry na ya Pruitt's Ford, wilaya ya mwisho, ni moja mpaka njia panda, kwa hiyo nimesafiri nyuma ya mawakili badala ya mbele yao. Stroud yuko mbele, kwenye farasi mpole, na mizinga yake amewaachia wajukuu watatu. Nilimuuliza majina yao. Aliniambia yote matatu, na ya watoto wake watano pia, taratibu, bila kinyongo. Nilimwomba radhi kwa ile hotuba. Alisema sauti yake hata hivyo haikuwa nyembamba vile.

Jioni tulifika nyumba ya wageni ya njia panda. Mwenye nyumba alinichukulia begi kwa mazoea, kisha mtu akamnong'oneza, akasimama katikati ya ngazi akiwa hajui aende wapi. Nikamwonyesha Stroud. Begi la Stroud likaenda kwenye chumba cha jaji.

Nilikula kwenye meza ya mawakili. Hawakujua waniite nani, kwa hiyo waliniita “wewe”, na nikapitisha chumvi mara nyingi.

Chumba chetu kina vitanda viwili. Nilikuwa wa kwanza kupanda. Kipande cha ubao nimekiweka juu ya begi, kimefunguliwa, nacho kinanuka bado uchachu wa mwaloni. Nimejaribu kukisoma kwa kioo cha kunyolea na nimekiona, L na P na ule mstari wa kijinga, nikakigeuza na kukitazama tena. Miaka yote hii jina lake lilikuwa kwenye ukuta wa watu wengine, karibu na moto wao, na mimi nikipita njia ya juu kila msimu.

Philo akaingia na mshumaa. Aliona ubao. Akasimama akiutazama, viatu vyake vikiwa mkononi.

“Siku ya maziko,” alisema, “baada ya kaburini nilikuja mpaka kwenye geti lako. Nikaona umekaa barazani na koti la mahakama. Nikajiuliza, jaji anaambiwaje pole? Nikageuka.”

“Nilikuwa sina koti lingine jeusi,” nikasema.

Alizima mshumaa. Nikasikia viatu vikianguka sakafuni, kimoja, kisha cha pili, na godoro likashuka upande wake. Miguu yake ni baridi kuliko ya chura, vilevile.

“Sogea, Asa,” alisema. “Halafu niambie alikuwa amevaa nini siku aliyosema atafikiria.”

Nikasogea, nikamwambia. Haya nayaandika asubuhi, yeye bado amelala, na blanketi lote liko kwake.